Migomba Iliyotembea

Mimi ni mtu wa hasira, sitaki kukudanganya. Hata leo ukifika Sironga ukauliza nyumbani kwa Nyangau, mzee wa kanisa, watakuonyesha njia vizuri, halafu watakuambia, "Lakini nenda polepole, usikie kwanza ameamkaje." Basi chanzo cha mambo haya ni hasira hiyo, pamoja na nguruwe.

Ilikuwa Sabato. Mchungaji alikuwa amekuja kula kwangu baada ya ibada, ameketi barazani na sahani ya wali na kuku aliyepikwa Ijumaa kama inavyotakiwa. Mvua ilikuwa imetishia kunyesha ikaacha, na ukungu ukashuka kutoka kwenye majani ya chai mpaka ukafika mlangoni, ule ukungu wetu wa kunyamazisha kila kitu, hata mbwa wanabweka kwa aibu. Ndani ya ukungu nikaona kitu kinakuja. Kikubwa, cheupe, kinatembea bila haraka kama mgeni aliyealikwa. Mchungaji akaacha kutafuna. Kitu kikafika ngazini. Nguruwe! Tena jike, na watoto wake sita nyuma wamefuatana mstari.

Sasa fikiria mwenyewe. Nguruwe, mnyama tusiyemgusa, kwa mzee wa kanisa la Sabato, siku ya Sabato, mbele ya mchungaji! Mchungaji alisema tu, "Ni wakubwa, eh?" Afadhali angenitukana.

Nguruwe hao ni wa Ochoki, jirani yangu wa ubavuni. Mkatoliki. Mtu mpole, mpole mpaka anaudhi. Tumezaliwa mwaka mmoja, tumechunga ng'ombe pamoja, tumechapwa na mwalimu mmoja. Mke wangu Gladys alipofariki miaka miwili iliyopita, Ochoki ndiye aliyeshika jeneza upande wa kichwa. Jioni akimaliza kazi huja kukaa kwangu. Hatusemi mengi, tunatazama ukungu ukipanda na kushuka, basi. Zikipita siku mbili hajaja, nikifungua mdomo kuita kuku nashtuka kusikia sauti yangu mwenyewe.

Lakini siku ile sikukumbuka jeneza wala mwalimu. Niliruka kitini nikapaza sauti mpaka ng'ambo ya mto wakasikia: "Ochoki! Nimechoka! Tuweke ua! Seng'enge toka juu mpaka chini, nusu nitalipa mimi, hata kesho!"

Ochoki akatoka kwake taratibu, anafuta mikono kwenye suruali, akawaita nguruwe wake kwa majina. Ndiyo, ana majina. Akasema kwa ile sauti yake ya mtu anayeomba chumvi, "Pole sana, Baba Sylvanus. Pole, mchungaji. Umesema kweli, ua ni wetu sote. Nusu yako, nusu yangu. Mimi nitatoa nguzo, mikaratusi ninayo. Wewe utoe seng'enge na misumari. Ukishasimama, kutoka barabarani mpaka katikati utaangalia wewe, kutoka katikati mpaka mtoni nitaangalia mimi. Waya ukikatika upande wako, usiniite."

"Sawa!" nikasema.

Hapo mwanawe Abner, ambaye ni fundi wa ujenzi mjini Kisii na alikuwa amekuja kuwaona wazazi, akatia neno. "Lakini baba, kwanza tupime. Huwezi kuchimba mashimo kabla hujajua mpaka uko wapi. Jumapili ya wiki ijayo nitakuja na tepu."

Mdomo uliponza kichwa, wahenga hawakukosea hata kidogo.

Nikueleze kwa nini. Mpaka wetu ni migomba. Baba yangu na baba yake waliipanda kwa mikono yao, mstari mmoja toka barabarani mpaka mtoni. Kwa nini hawakupanda minyaa kama watu wengine, waulizwe wenyewe huko waliko. Nadhani walitaka mpaka unaolika. Wazo zuri, ila lina kasoro moja: migomba hutembea. Mgomba mama huzaa mkungu mmoja tu, unakatwa, unakwisha. Binti yake anasimama ubavuni. Na binti huyo atasimama ubavu upi, hilo anaamua mwenye panga. Ukikata machipukizi ya upande wako, ukayaacha ya upande wa jirani, mwakani shina zima liko futi moja kule. Hakuna aliyeng'oa jiwe, hakuna aliyeapa uongo. Umepalilia tu.

Nilikuwa nimepalilia hivyo kwa miaka ishirini na ushei.

Nilianza Sylvanus, kifungua mimba wetu, alipooa. Nina wana watatu, na shamba letu ni ukanda tu. Siku moja nilisimama barabarani nikaligawa kwa macho, nikaona kila mmoja atapata upana wa kitanda, na mkewe atageukia wapi? Nikatazama kwa Ochoki, mwenye mtoto mmoja. Nikasema moyoni, futi moja hataiona. Mwaka uliofuata nikasema vivyo hivyo. Aibu nilikuwa nayo, usifikiri sina. Lakini aibu ni kama kiatu kipya, mwanzoni inabana mpaka unachechemea, halafu inalegea, unaenda nayo hata kanisani.

Sasa Abner anakuja na tepu. Hati ya shamba langu inasema kutoka kwenye bikoni, jiwe la wapimaji lililo kando ya njia ya kanisa, mpaka kwenye mpaka wa Ochoki ni mita ishirini na nane. Na mimi kwa hesabu yangu nilikuwa nimetembeza ile migomba futi ishirini, si pungufu. Hata kipofu angeona. Sikuogopa chifu wala korti. Niliogopa zile jioni. Niliogopa Ochoki kujua kwamba mtu anayekaa naye kila siku akitazama ukungu alikuwa anamla futi kwa futi. Nikimpoteza huyo, nani mwingine anamkumbuka Gladys akiwa msichana?

Wiki ile sikuwa mtu wa dunia hii. Nikichuma chai, mikono inachuma, mimi sipo. Ukungu ulishuka kila siku mapema kuliko kawaida, na ndani yake nilisikia majani ya migomba yakisuguana, shwaa, shwaa, kama wanawake wenye nguo za kanisani wakipita. Nikigeuka, imesimama. Nikiinama, shwaa tena. Nikaitukana. Eti mzee mzima natukana migomba!

Jumanne mchana mvua ilipiga mabati mpaka nikalala kitini. Nikaota migomba imeng'oka, inapanda mlima polepole, kila mama amembeba binti mgongoni kama watu waendao sokoni. Gladys alikuwa katikati yao, mikono ya gauni ameikunja, miguu ina matope. Nikamwita. Akasema bila kunitazama, "Ngoja kwanza, nimeshika kazi." Nikaamka nimelowa jasho. Nilikasirika, tena nilimkasirikia yeye, marehemu wa watu, kwamba hata ndotoni hana nafasi na mimi.

Alhamisi alfajiri nikaona siwezi kungoja Jumapili. Nikachukua tepu yangu ya zamani, niliyojengea nyumba, nikaipigilia kwa msumari pale kwenye bikoni. Nikaanza kurudi kinyumenyume katikati ya chai, utepe unanifuata. Ukungu ulikuwa mzito hata mkono wangu mwenyewe niliuona nusu. Nilitembea kama mtu anayeingia majini. Mgongo ukagonga mgomba.

Nikainama nikasoma. Mita ishirini na nane na futi mbili.

Nikafuta utepe kwa shati. Nikasoma tena. Ishirini na nane, na futi mbili.

Nikapima katikati ya shamba, nikapima chini karibu na mto. Futi mbili. Kila mahali futi mbili tu. Zile kumi na nane zilikuwa zimekwenda wapi? Nilisimama nikaitazama migomba ile kwa macho mapya. Ilikuwa pale pale baba zetu walipoiacha, imesogea kidogo tu kama mtu aliyempisha mwenzake njiani. Na mimi miaka yote hiyo nilikuwa nikitazama shamba la Ochoki na kuliona limekonda! Mwaka jana hata nilimhurumia. Macho ya mwenye tamaa, jamani, hayahitaji kitu cha kuona.

Halafu nikawaka moto. Kumbe Ochoki! Kumbe mpole huyu alikuwa anarudisha kimyakimya, mimi nasogeza yeye anasogeza! Naomba unielewe, kwa muda wa kama dakika kumi nilimkasirikia mtu huyo kwa kuniibia ardhi niliyomwibia. Nikakunja tepu, nikaitia mfukoni, nikapita katikati ya migomba kwenda kumwambia.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, anawamwagia nguruwe maganda ya ndizi. Hakushangaa. Alinipa kigoda, akaingia jikoni akatoka na bakuli la uji. Chai mimi nailima, siinywi kwa ajili ya kanisa, hilo analijua bila kukumbushwa. Kabla sijafungua mdomo akaanza yeye.

"Baba Sylvanus, vizuri umekuja. Hili jambo la tepu ni la Abner, vijana wa siku hizi wanaamini chuma kuliko mtu. Mimi sitaki kupima. Migomba ilipo ndipo mpaka ulipo, tuchimbe hapo hapo. Neno lako linanitosha."

Uji ulikuwa wa moto, nikaushika hivyo hivyo uniunguze. Unaona njia ilivyofunguka? Nilichohitaji ni kusema "sawa" tu. Nguzo zingesimama, saruji ingekauka, futi mbili zingekuwa zangu, za wanangu na za wajukuu, na jioni angekuja kukaa nami kama kawaida. Hakuna ambaye angejua mpaka siku ya hukumu. Ile hasira niliyokuja nayo nikaitafuta sikuiona. Nilihisi tu nimechoka, nimechoka kabisa.

"Ochoki," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, sikuitambua. "Migomba haiko mahali pake. Futi mbili ni zako."

Akanitazama.

"Nilikuwa nakata machipukizi ya upande wangu. Ya upande wako nayaacha. Kwa makusudi. Miaka ishirini nimekuibia."

"Ishirini na miwili," akasema Ochoki.

Bakuli karibu linianguke. "Ulikuwa unajua?"

"Mtu akipalilia mgomba upande mmoja tu, hata nguruwe hawa wanajua."

"Na wewe ukawa unarudisha kichinichini! Si ungeniambia? Si ungenipeleka kwa chifu?"

"Mimi?" Akatikisa kichwa. "Mimi sijawahi kugusa hata jani. Ni Mama Sylvanus."

Sikuelewa. Nilimwona akisema jina la mke wangu, lakini maneno yalichelewa kunifikia, kama sauti ya mtu anayepasua kuni mlima wa pili.

"Kila Agosti," Ochoki akasema, "wewe ukienda kwenye makambi ya kanisa lenu na blanketi lako, wiki nzima, kutuombea sisi wenye dhambi, yeye si alikuwa anabaki na ng'ombe? Mwaka wa kwanza alikuja hapa mlangoni na jembe. Akanisalimia vizuri, akamwulizia Abner. Kisha akasema, 'Ochoki, naomba ruhusa niingie upande wako. Mume wangu amekosea kidogo kwenye migomba, nataka kurekebisha.' Amekosea kidogo! Nilitaka kumsaidia, akakataa katakata. Akachimba yale machipukizi yote uliyoyaacha kwangu, moja moja, akayapanda pale mama zao waliposimama. Akafunika udongo kwa majani makavu ili ukirudi usiuone. Mwakani tena. Na tena. Ule mwaka mguu wake ulipovimba alifanya kazi ameketi kwenye kigoda, anakisogeza shina kwa shina. Siku nne. Mimi nilikaa ndani, sikuweza kutazama."

Nguruwe walikuwa wanakula kwa kelele. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa la jikoni, moshi na ukungu vikawa kitu kimoja. Nilikumbuka nikirudi kutoka makambini na nyimbo mdomoni, nikimkuta mgongo umemkaza, nikimuuliza umefanya nini, akisema, "Kazi za nyumbani haziishi." Nilikuwa nikimwambia apumzike! Nikimhubiria kuhusu kupumzika!

"Mbona hakuniambia?" nikauliza. "Miaka ishirini, Ochoki. Tulilala kitanda kimoja."

"Nilimwuliza hivyo hivyo. Akasema, 'Nikimwambia ataacha kwa kunionea haya mimi, na haya ikiisha atarudia. Acha aache mwenyewe.' Akaniomba nisikwambie kamwe, mpaka siku utakapokuja hapa kwa miguu yako. Usipokuja, nife nalo."

"Na hizi futi mbili..."

"Ni za tangu afe. Nilifikiria kuchukua jembe nimalizie. Nikaona hapana, hiyo kazi si yangu."

Nikamwambia seng'enge, nguzo, fundi, vyote nitalipa mimi. Akakataa. "Nusu ni nusu," akasema. "Ukilipa vyote utauita ua wako, halafu kila ukikasirika utanikumbusha. Toa seng'enge yako, ukae kimya."

Nikataka kuuliza jambo moja tu la mwisho, na niliogopa jibu lake kuliko tepu ya Abner. "Yeye alisema nitakuja?"

"Alisema utakuja."

"Wewe je?"

Ochoki akakuna kidevu. "Mimi nilikuwa nimeanza kukata tamaa."

Akamwambia Abner nguzo bado mbichi, angoje wiki moja zaidi. Ijumaa asubuhi nikaingia kwenye migomba na jembe. Mashina thelathini na nane. Chipukizi la mgomba ukilitazama ni kitu kidogo, lakini chini lina kichwa kizito kama mtungi uliojaa, lazima ulizungukie, ukate mizizi, ulikumbatie ndipo litoke. Sabato nikapumzika, Jumapili nikarudi, Jumatatu pia. Mimi nilikuwa narudisha miaka miwili tu, na tayari usiku sikuweza kujigeuza kitandani. Yeye alirudisha ishirini, na mwaka mmojawapo akiwa ameketi.

Shina la mwisho ni lile la karibu na mto. Nilipolisimamisha mahali pake nikazoa majani makavu nikaufunika udongo kama kwenye yale mengine, vizuri kabisa, kama alivyofanya yeye. Nikasimama nikatazama. Usingejua kama kuna mtu amepita pale. Ndipo nikaelewa jinsi alivyonificha, si kwa Ochoki wala kwa kanisa, bali kwangu mimi mwenyewe, ili nirudi kutoka makambini nijikute bado ni mtu mwema. Nikapiga magoti nikayaondoa majani yale yote kwa mikono, shina kwa shina, kutoka mtoni mpaka barabarani, udongo mweusi ukabaki wazi anayepita auone. Nilikuwa nalia kwa sauti, na sikumficha mtu.